Mfuko wa Bado: Chupa ya Tano

Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Ndiyo, msomaji wangu, ni chupa ileile uliyoiacha wiki iliyopita juu ya meza ya mwenyekiti. Juzi Angetile aliiweka pale kwa mkono wake, ikiwa na punje za kakao zisizofika hata ukucha wa dole gumba. Leo imejaa, na kifuniko kimekazwa vizuri. Na Angetile mwenye chupa yuko nje, amechuchumaa chini ya dirisha la ofisi ya kijiji, kitenge kichwani, anachungulia kwenye nondo na haamini macho yake.

Ndani, Bwana Amon, afisa wa serikali aliyetoka Dodoma kukagua chupa, aliuliza kwa mara ya pili huyo mhesabu samaki yuko wapi. Alimwona mwenyewe akiingia. Mbona mara tu yule mzee alipotokea mlangoni, mwanamke akapenya mlango wa nyuma?

Watu wakatazama miguu yao. Wote walijua sababu, na hakuna aliyeona pa kuanzia kumweleza.

"Mtu mkweli hakimbii," akasema Bwana Amon, akaandika.

Aandike tu. Kalamu ya serikali haina aibu. Yule mzee ni Gwamaka, na mwanawe Ambwene ndiye mume wa Angetile. Kwa Wanyakyusa wanaoshika ya zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hazungumzi naye, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitoki kinywani mwake hata akiwa peke yake shambani. Akimwona njiani, anaingia majanini mpaka mzee apite. Najua, najua, siku hizi mjini Kyela wako wakwe wanaopiga picha na baba wakwe zao bega kwa bega na kuziweka kwenye simu. Nyumba ya Gwamaka haijafika huko. Miaka kumi na moja Angetile anampikia yule mzee, na hajui hata macho yake yana rangi gani.

Basi mzee aliingia, mkamwana akatoka. Heshima ya miaka kumi na moja ikaingia kwenye fomu kama hatia.

Na wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, ngoja nikukumbushe upesi, maana hatuna siku nzima na gari la Bwana Amon linaondoka saa nane.

Angetile kwao ni Ndandalo. Alipokuwa mdogo, mvua zikianza, mbasa walipanda mto kutoka ziwani kwenda kutaga, wakawa wengi kiasi kwamba mtoto akivuka maji anagongwa miguu na samaki. Aliolewa huku kando ya mto Mbaka akidhani na wanawe watagongwa vilevile. Hawakugongwa. Wanamjua mbasa kwa kusimuliwa, na hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumweleza mtu.

Misimu mitano iliyopita akaanza kukaa kila alfajiri pale mtoni maji yanapokuwa ya goti, panapoonekana mgongo wa samaki akipita. Mbasa mmoja, punje moja ya kakao ndani ya chupa ya maji. Alitumia kakao kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, tena ile ya ovyo, iliyokauka bila kuvundikwa majanini ichachuke, ambayo mnunuzi akiiona anaisukuma pembeni. Nani mwenye akili atapoteza kakao ya kuuza kwa kuhesabia samaki? Watu walimcheka. Mume wake alimcheka kuwazidi wote.

Msimu wa kwanza chupa ilijaa mpaka shingoni. Wa pili ikaishia mabegani. Wa tatu nusu, wa nne vidole viwili, na wa tano, huu tulio nao, haukufika ukucha.

Ndipo redio ikatangaza kwamba serikali imetenga pesa za kuwalinda viumbe wa asili kabla hawajawa hatarini. Wazo lenyewe ni zuri, na mimi silicheki. Nawacheka waliokabidhiwa. Waliupa mfuko jina refu la kuchosha, Mfuko wa Taifa wa Viumbe wa Asili Wasiokuwa Hatarini Bado, na watu wa Kyela, ambao wana kazi za kufanya, wakaukata jina ukawa Mfuko wa Bado. Pesa zake zingetosha kuweka walinzi mtoni msimu wa kutaga, na kuwapa wavuvi wa mlangoni mwa mto kitu cha kushika mkononi ili waanue nyavu miezi hiyo miwili. Zikija, mbasa atapanda tena. Zisipokuja, msimu ujao hata chupa haitahitajika.

Hapo akaingia mwenyekiti wa kijiji, Bwana Anyelwisye. Mtu mwenye koti moja na maoni mia. Alilisoma lile neno Bado akalielewa kwa namna yake: serikali inataka kuona samaki wengi. Wiki nzima alipita nyumba kwa nyumba akionya kwamba atakayetamka kuwa mbasa wamepungua ni adui wa maendeleo. Akaahidi nafasi tatu za ulinzi wa mto, sare na buti juu. Ambwene, mume wa Angetile, mwanaume ambaye jua halijawahi kumkuta ameamka, aliulizwa saizi ya buti akajibu haraka kuliko alivyojibu kanisani siku ya ndoa yake.

Haya. Turudi ndani.

Bwana Amon alizipanga chupa tano mstari mmoja, akaziinamia, akajikohoza. Nyuma ya gari lake tayari kulikuwa na gunia la mchele wa Ngonga, lililopakiwa kabla hata mkutano haujafunguliwa kwa sala, kwa hiyo alikuwa na moyo mkunjufu. Akasema anaona chupa ya kwanza imejaa, zikafuata za katikati zilizopungua kidogo, na ya mwisho imejaa tena. Mwenyekiti akatabasamu mpaka magego. Akasema ndivyo ilivyo, mheshimiwa, samaki wetu ni wengi, wamerudi, wanapanda mto kwa fujo.

"Nimefurahi," akasema Bwana Amon. "Basi hamhitaji pesa."

Tabasamu la mwenyekiti likabaki usoni halina pa kwenda.

Bwana Amon akafafanua polepole, kama mtu anayewahurumia. Pesa ni za viumbe wanaopungua. Hawa wamerudi wenyewe bila senti ya serikali, hongereni sana, mfuko utapelekwa kwingine. Mwenyekiti akageuza kauli palepale bila kuona haya. Akasema kwa kweli, mheshimiwa, ukichunguza vizuri, samaki wenyewe si wengi hivyo. Ni wachache. Wamekwisha kabisa, tena watoto wanalia.

"Wakiwa wamekwisha wako hatarini," akasema Bwana Amon. "Mfuko huu si wa walioko hatarini. Hao wana mfuko wao."

"Uko wapi huo?"

"Uliisha mwaka juzi."

Nyuma ya chumba mtu akacheka, na hakuwa na furaha. Ndipo akasimama Bi Habiba, mfanyabiashara wa samaki wa Kyela mjini, ambaye wazee wake walitoka Pwani na maneno yao wakaja nayo. Miaka ishirini alikuwa akija kijijini hapa na barafu kuchukua mbasa. Siku hizi anakuja na barafu, anarudi na maji. Alimwomba mgeni amsaidie kuelewa. Wakiwa wengi hawapewi, wakiwa wachache hawapewi, sasa anayepewa ni nani?

Bwana Amon akafungua fomu akasoma. Anapewa kiumbe anayepungua mwaka hadi mwaka lakini hajatoweka, na upungufu uthibitishwe kwa hesabu ya misimu isiyopungua mitano.

Chini ya dirisha, Angetile akashika nondo. Shingoni, mabegani, nusu, vidole viwili, ukucha. Kitu kilekile walichokitaka Dodoma alikuwa nacho juzi, kikiwa kimepangwa juu ya meza, tena katika Tanzania nzima huenda ni yeye peke yake aliyekuwa nacho. Sasa mpumbavu mmoja ameijaza chupa ya tano ili kuisaidia serikali, na kwa msaada huo mto unakufa.

Alitamani kuingia ampigie mtu kelele. Lakini Gwamaka alikuwa amekaa pale karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, na miguu ya Angetile ikakataa. Mila haiko kichwani, msomaji wangu. Iko magotini.

Akamwita Bi Habiba kwa sauti ya chini. Yule mama akasogea dirishani, akainamisha sikio. Angetile akamwomba amletee chupa ya tano.

Chupa ikapita kwenye nondo. Angetile akafungua kifuniko na kunusa, na harufu ikamjibu kabla hajauliza. Siki. Kakao iliyovundikwa vizuri hubaki na harufu ya siki hata ikikauka, na kakao yake yeye haikuwahi kuvundikwa hata siku moja.

Akarudisha chupa, akamwambia Bi Habiba la kufanya. Bi Habiba akaomba kisu. Akachukua punje za juu ya chupa akazipasua mbele ya Bwana Amon: zikakatika kirahisi, ndani kahawia, zimejaa nyufa. Akachimba za chini kabisa: ngumu, ndani zambarau tupu. Akafungua chupa ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza. Zambarau, zambarau, zambarau, zambarau.

Bwana Amon peke yake ndiye aliyekuwa haelewi, na ndiye aliyeshika kalamu.

Bi Habiba akamweleza, kwa niaba ya dirisha. Mhesabu alihesabu kwa kakao isiyovundikwa. Kuna mtu amekuja akaongeza kakao iliyovundikwa. Zitenge za kahawia, zilizobaki za zambarau ndizo mbasa wa msimu huu, na hazifiki ukucha. Upungufu wa misimu mitano huo hapo mezani, mheshimiwa, unaweza kuula.

Hata Bwana Amon alionekana kuguswa. Akainua punje ya kahawia, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kwa dakika nzima Angetile aliamini kwamba mto umepona.

Kisha Bwana Amon akafungua ukurasa mwingine. Kwenye fomu, ndugu zangu, daima kuna ukurasa mwingine.

Akasema ushahidi uliochezewa unafutwa wote, chupa zote tano, isipokuwa aliyeuchezea atajwe kwa jina. Na atajwe na mhesabu mwenyewe, akiwa amesimama mbele ya afisa.

"Sichukui ushahidi wa dirishani," akasema. "Aje aseme. Nina dakika kumi."

Watu wakatazama dari. Mwenyekiti Anyelwisye akagundua uchafu kwenye kucha zake. Kila mkulima mle ndani alikuwa ameshajua zile punje zimetoka wapi, maana kijijini pale wote siku hizi huuza kakao mbichi, hawana subira ya kuivundika. Anayeivundika bado ni mmoja tu, chini ya majani ya migomba siku sita, anaigeuza kwa mkono wake mwenyewe kisha anaianika kwa mikeka. Na huyo mmoja alikuwa amekaa karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, ametazama mbele kama vile maneno yale hayamhusu.

Angetile alijua kuliko wote. Yeye ndiye hukata majani ya kufunikia.

Mawazo yakamjia yote kwa pamoja. Kwa hiyo ni baba mkwe. Ni yeye mwenye migono pale kwenye kilindi cha juu, mitego ya kusuka aliyorithi kwa babu yake, na walinzi wakija watamwambia aitoe. Sababu anayo. Kakao ni yake. Lakini jina lake! Akilitamka mbele ya watu, hakuna wa kumtetea. Atarudishwa Ndandalo na kikapu chake, na watoto watatu watabaki kwa baba yao, kwa kuwa watoto ni wa ukoo. Akinyamaza, atabaki mke mwema wa nyumba ya heshima kando ya mto usio na samaki.

Bi Habiba akamnong'oneza kwamba hakuna atakayemlaumu akienda zake nyumbani. Dakika ziliendelea kukatika na Bwana Amon alikuwa akizisoma kwa sauti, mtu wa ajabu, nane, saba.

Angetile akasimama. Akauzunguka ukuta, akafika mlangoni. Akavua kitenge kichwani, akajifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuvuna mpunga.

Alipoingia, mama mmoja nyuma akataja jina la Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala," polepole. Na Gwamaka, mzee wa miaka sabini na mbili, ambaye mwenyekiti mwenyewe humwogopa, akavua kofia yake haraka akajifunika uso na kugeukia ukutani. Maana mila hiyo haimfungi mwanamke peke yake. Walikuwa wametengana hatua nne, mmoja kichwa wazi, mwingine uso kwenye kofia.

Bwana Amon akauliza, kalamu tayari, nani alijaza chupa ya tano.

Angetile alitafuta njia ya kulizunguka lile jina. Alijaribu kusema mwenye kakao. Bwana Amon akatikisa kichwa. Akajaribu kusema baba wa mume wangu. Bwana Amon akasema fomu haina nafasi ya baba wa mume, ina nafasi ya jina.

"Gwamaka," akasema Angetile.

Benchi moja likalia kwa watu kujisogeza. Kofia iliyofunika uso wa mzee haikutikisika.

"Rudia," akasema Bwana Amon, "sikusikia vizuri."

Mwenyezi Mungu atamlipa kwa hilo siku moja, mimi sitaki kuwepo. Angetile akarudia. Safari hii jina lilitoka wazi, likaenda mpaka nje, na watu waliokuwa wamesimama uani wakatazamana. Miaka kumi na moja ya kuingia majanini iliishia hapo, saa saba na nusu mchana, mbele ya mtu mwenye gunia la mchele.

Ndipo kofia ikashuka.

Gwamaka akageuka. Akamtazama mke wa mwanawe usoni, kwa mara ya kwanza tangu aletwe nyumbani kwake, akamtazama muda mrefu, bila hasira ambayo wote walikuwa wakiisubiri. Macho yake, kama unataka kujua, ni ya kahawia iliyofifia, na moja lina ukungu. Angetile aliyaona na hakujua aweke wapi ya kwake.

"Kakao ni yangu," akasema mzee. "Mkono si wangu."

Akaeleza kwa maneno machache, kwa Kiswahili cha mtu anayefikiri kwa Kinyakyusa. Migono yake iko darini, ina utando wa buibui, huu ni msimu wa tatu hajaitia majini. Aliitoa mwenyewe bila kuambiwa na serikali, kwa sababu alichoka kuvua majani. Hakumtangazia mtu, maana mwanaume hatangazi kushindwa. Kwa hiyo hakuna wa kumfundisha kama mbasa wapo au hawapo. Na jana jioni, akiwa amekaa uani, alimwona mtu akitoka kwenye kibanda chake cha kakao, mifuko ya suruali imetuna. Alidhani ameiba kidogo ya kwenda kunywea pombe. Akanyamaza, kwa kuwa ni mwanawe.

Akanyoosha fimbo kuelekea benchi la mwisho.

"Ambwene. Simama, mkeo aone miguu yako."

Wote wakageuka. Ambwene alikuwa amejikunja kwenye kona, miguu imefichwa chini ya benchi, na haikufichika. Buti jipya, jeusi, saizi arobaini na tatu, halijawahi kukanyaga tope. Mwenyekiti Anyelwisye, aliyekuwa ametoa buti hilo kabla hata pesa hazijaja, alianza kusogea taratibu kuelekea mlango wa nyuma, lakini Bi Habiba alikuwa amesimama hapo na makalio yake yote.

Ambwene akasimama. Akaanza kusema kwamba alitaka kusaidia, kwamba mwenyekiti ndiye aliyesema chupa zijae, kwamba alifanya kwa ajili ya familia. Akasema mengi. Mwanaume akishikwa huwa na maneno ambayo nyumbani hukuwahi kuyasikia.

Angetile hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ametaja jina lisilotajwa, mara mbili, mbele ya kijiji kizima, kwa kosa ambalo mwenye jina hakulifanya. Alikuwa amelala kitanda kimoja na mwenye kosa usiku wote uliopita. Akashika ukingo wa meza, na chupa zikagongana.

Bwana Amon akakata jina la Gwamaka, akaandika la Ambwene. Alionekana kuridhika. Akasema basi, aliyeharibu amejulikana, punje za kahawia zitatengwa, chupa tano zitapokelewa kama ushahidi. Watu wakaanza kupumua. Mama wa nyuma akasema "ndaga, ndaga," akishukuru huku machozi yanamtoka.

Kisha Bwana Amon akaigeuza ile karatasi kuangalia nyuma.

Nilikwambia.

"Hapa kuna tatizo," akasema. "Kifungu cha mwisho. Mhesabu na mharibifu wasiwe wa nyumba moja. Mke na mume ni nyumba moja. Wangeweza kupanga wote wawili, serikali itajuaje? Samahani sana. Ushahidi unafutwa."

Akafunika kalamu. Akafunga jalada, akaanza kukusanya vitu vyake, simu, miwani, chupa yake ya maji ya baridi. Dereva nje akawasha gari. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa mto huu wameshazoea kuona kitu kikiondoka, na wengine walikuwa tayari wanatafuta ndala zao chini ya mabenchi.

"Kaa chini," akasema Gwamaka.

Hakupaza sauti. Bwana Amon alikaa kabla hajajua kwamba amekaa.

Mzee akatembea mpaka mezani, fimbo ikigonga sakafu, akasimama karibu na Angetile, karibu kiasi ambacho hakijawahi kutokea. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha chupa ya tano. Akauliza kama alielewa vizuri, kwamba kinachowanyima pesa ni kwamba mwanamke huyu ni wa nyumba moja na mwanawe. Bwana Amon akasema ndivyo. Akauliza tena, kama asingekuwa wa nyumba hiyo, chupa zingepokelewa. Bwana Amon akasema zingepokelewa leo hii, sahihi angeweka hapahapa.

"Basi andika, bwana," akasema Gwamaka. "Kwetu mwanamke aliyelitaja jina la baba mkwe mbele ya watu si mkamwana tena. Mimi ndiye mwenye nyumba. Na wewe mwenyewe ulisikia. Ulimwambia arudie."

Ambwene akatamka neno moja, na hakuna aliyemgeukia. Nje, watoto wawili wakubwa wa Angetile walikuwa wamekuja kumwita mama yao, wamesimama uani na sare za shule, wamesikia yote.

Angetile akamtazama mzee, akitafuta usoni mwake kama anafukuzwa au anaokolewa. Uso ule ulikuwa umefungwa. Ila mkono wake, ule mkono wa kugeuzia kakao, ulikuwa bado umeifunika chupa, na ulikuwa umeishika kwa nguvu ili mtu mwingine asiiguse.

Bwana Amon akafungua tena jalada. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya chini, na hakuitazama saa.

"Siwezi kuandika kwa neno lake peke yake," akasema. "Lazima useme mwenyewe, mama. Wewe ni wa nyumba hii, au si wa nyumba hii?"

Angetile akawatazama wanawe pale uani. Akazitazama chupa, ya kwanza mpaka ya tano.

Akajibu.